Kigelegele Kilichokatika

Gari lilikuwa la mkwe, na hilo peke yake lilitosha kumkosesha Mfaume raha. Alikaa kiti cha nyuma, magoti yamembana, kichwa cha mkewe kimelala mapajani mwake, na kila shimo la barabara ya Isevya lilimpiga yeye moyoni kabla halijamfikia mgonjwa. Mwanahawa alikuwa amejifunika kanga usoni kwa sababu mwanga ulimuumiza. Hakulia wala hakuomba maji. Gari liliporuka alimfinya mumewe kidole gumba, basi.

"Nipunguze mwendo, mkwe?" aliuliza Mzee Majidi, macho yake kwenye kioo.

"Wewe twende tu, baba Adinani," Bi Tunu alidakia kutoka kiti cha mbele. "Kachoka, maskini. Kazi ya ukungwi si mchezo, na jua la leo unaliona lenyewe. Akipata maji ya dripu atasimama."

Mfaume aliitazama shingo ya dada yake, mkufu wa shughuli ungali unang'aa, akanyamaza. Kunyamaza alikuwa amekuzoea. Bi Tunu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyemtafutia kazi ya kwanza ya useremala, na tangu utoto wao, Tunu akisema ni mchana basi Mfaume huzima taa.

Asubuhi ile Mzee Majidi, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Kaliua, alikuwa amekuja na watu wake, waliofikia nyumba ya jirani tangu arusi, kwa shughuli ya kumtoa mwali. Mwanawe Adinani alikuwa amemwoa Asmahani, binti pekee wa Bi Tunu, na siku saba za fungate zilikuwa zimekamilika. Mwanahawa, mke wa Mfaume, ndiye aliyekuwa kungwi. Siku zote hizo alilala juu ya mkeka chumbani kwa maharusi wanapopumzika, akamsinga mwali, akampikia uji wa pilipili manga, akamfundisha anayofundishwa. Asubuhi akamtoa mbele ya wageni, kapambwa na hina na udi unafuka. Watu wakashangilia. Kisha Mwanahawa akazunguka nyuma ya jiko, akatapika, akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake za shughuli, mikono miwili kisogoni. Mama zake Adinani walimwona. Ndipo Mzee Majidi alipotoa funguo mfukoni bila kumuuliza mtu.

"Akili yangu inaniambia si jua," Mzee Majidi alisema walipokata kona ya kuingia hospitali.

"Ni jua," alisema Bi Tunu.

*

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mfupi, jina lake Advera, mwenye sauti ya kumuuliza mtu swali kana kwamba ana siku nzima ya kusubiri jibu. Aliwaamkia wazee, akasogeza kiti karibu na kitanda cha magurudumu, akamwinamia mgonjwa.

"Mama, kichwa kinauma?"

"Kinauma."

"Kilianza lini?"

Mwanahawa alifungua mdomo. Bi Tunu akawahi. "Leo asubuhi, daktari. Baada ya kumtoa mwali. Tulikuwa na shughuli."

"Kilimjia ghafla, kama mtu kapigwa na kitu, au kilikuja polepole?"

"Kidogokidogo tu. Na jua."

Daktari Advera alimgeukia tena mgonjwa. "Ni hivyo, mama?"

"Kama alivyosema wifi," alisema Mwanahawa ndani ya kanga.

Mfaume alikuwa amesimama nyuma ya kichwa cha mkewe. Mbele yake, mlangoni, alisimama Mzee Majidi na kofia yake ya kufumwa, mtu wa heshima zake, anasikiliza. Alipaswa kubaki nje, lakini nani atamtoa nje mwenye gari? Hata malipo ya dirishani aliyamaliza yeye wakati Mfaume bado anajipapasa mifuko ya kanzu. "Acha, mzee mwenzangu, ni yetu sote," alimwambia kwa wema, na wema ule ulimchoma Mfaume kuliko angetukanwa.

Daktari alipitisha mkono chini ya kisogo cha Mwanahawa akajaribu kumwinamisha kidevu kiguse kifua. Hakikugusa. Shingo ilikuja na mabega yote, imekakamaa kama ubao wa mninga.

"Shingo hii siipendi," alisema.

"Kalala mkekani wiki nzima, daktari," Bi Tunu alicheka kidogo. "Hata mimi ningekuwa hivyo. Mila zetu hizi."

"Inawezekana." Daktari hakucheka. "Malaria hana, presha imepanda. Nataka picha ya kichwa. Kuna watu mshipa wa damu ndani ya kichwa hutuna mahali pamoja, pakawa pembamba kama puto, na mwenyewe hana habari. Siku pakipasuka, damu inavuja kuuzunguka ubongo. Mashine ikipiga, damu hiyo inaonekana. Twendeni tukaangalie, roho zitulie."

Neno la damu lilimwingia Mfaume masikioni likakaa. Bi Tunu alimtupia jicho, lile jicho la tangu utoto, nalo likaenda kukaa juu ya neno hilo.

*

Mashine ilikuwa chumba cha mwisho cha ukumbi, duara kubwa jeupe kama tairi la trekta lililosimamishwa. Mpiga picha, Silasi, alimwomba Mwanahawa avue herini, kipini, vibanio na kilemba, kwa sababu chuma huharibu picha. Mwanahawa hakuwahi kuacha kichwa wazi mbele ya mwanamume wa nje tangu avunje ungo. Alishika fundo, asilifungue. Mfaume akamfungulia mwenyewe.

Chini ya kilemba palikuwa na kitambaa kingine, kimekazwa kuzunguka paji la uso, na chini ya kitambaa hicho palikuwa na karafuu iliyotwangwa, tabaka juu ya tabaka, imekauka na kupasukapasuka kama tope la mbuga. Harufu yake ilijaa chumba.

"Karafuu hii mbona imekauka namna hii?" aliuliza Silasi, si kwa ubaya, huku akichukua pamba na maji kuipangusa.

"Ni ya singo," alijibu Bi Tunu kutoka mlangoni. "Ya mwali."

Silasi akapangusa, asiulize tena. Kijana Mkristo wa Ziba, atajuaje kwamba singo ya mwali husingwa mwilini na si kwenye paji la uso la kungwi? Mfaume aliitazama pamba ikitoka na rangi ya kahawia akatamani Silasi awe mbishi zaidi kidogo. Lakini mlango ulifungwa, wakatolewa, na taa nyekundu ikawaka juu.

Walikaa kwenye benchi. Mzee Majidi alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Bi Tunu alimsogelea mdogo wake mpaka mabega yakagusana.

"Mfaume. Nakuona."

"Unaniona nini?"

"Nakuona kinywa kinakuwasha. Unataka kuniulia mtoto?"

"Mimi naogopa mke wangu atakufa, dada."

"Hafi. Mtu wa kufa angeshakufa." Alipunguza sauti. "Wale watu wakisikia kungwi aliangushwa jioni ileile ya mwali kuingia, na tukawaficha, tukawapikia na pilau, watasemaje? Watasema ndoa ilifunguliwa kwa nuksi. Mama yake Adinani unamjua. Asmahani atarudishwa kwangu na sanduku lake kabla hina haijafutika mikononi. Kisha Mwanahawa mwenyewe si alikuapisha? Ulimwapia nini?"

Alikuwa amemwapia.

*

Ilikuwa jioni ya arusi, magharibi imeshaswaliwa. Watu wamejaa uani, wanawake karibu na mlango wa chumba, wanaume mbali kidogo wakijifanya hawasikilizi. Kungwi akatoka, uso unang'aa, akainua mkono kutangaza kwamba mambo ni mazuri na mtoto wao katunzwa akatunzika. Akapiga kigelegele. Kigelegele cha Mwanahawa kilikuwa kinajulikana Isevya nzima, kirefu, kinapanda na kupanda, watu walikuwa wakisema akikianza unaweza kwenda sokoni ukarudi ukamkuta bado.

Siku ile kilipanda, kikafika juu, kikakatika.

Wanawake hawakungoja. Walikidaka palepale wakakimalizia, mia kwa mpigo mmoja, na ngoma zikaingia. Aliyemwona Mwanahawa akishika kisogo na kurudi ndani kinyumenyume alikuwa Mfaume peke yake, na dada yake. Walipomfuata ukumbini alikuwa amejiegemeza ukutani, jasho linamtiririka.

"Mayu wane, mama yangu," alinong'ona. "Kuna kitu kimepasuka kichwani. Kama mtu kanipiga na mpini wa shoka."

"Twende hospitali," Mfaume alisema.

"Hapana," walisema wanawake wote wawili kwa pamoja.

Kungwi hatoki nyumba ya fungate. Akitolewa mgonjwa, ameondoka na baraka za mwali. Mwanahawa alikuwa amewaingiza mabinti wengi wa Tabora katika ndoa zao na hakuna hata mmoja aliyemwacha njiani. Aliushika mkono wa mumewe akauweka juu ya Msahafu uliokuwa rafuni. "Niapie, Baba Ramla. Usimwambie mtu mpaka nimtoe mtoto. Na akishatoka mwali, usiseme kamwe." Akaapa. Bi Tunu akaenda kutwanga karafuu.

Tangu siku hiyo Mfaume alikuwa akipita dirishani mwa chumba kila asubuhi kabla ya kwenda karakana, anakohoa, na mkewe anakohoa ndani kumjibu. Alipomsikia akikohoa aliona mambo yako sawa. Hivyo ndivyo alivyojidanganya, kwa kikohozi, na kila alipopiga randa aliharibu ubao.

*

Daktari Advera aliwaita wote kwenye chumba cha kioo. Mwanahawa naye alikuwa humo kwenye kitanda chake cha magurudumu, kanga usoni. Kwenye skrini zilikuwa picha za kijivu, moja baada ya nyingine, kama tunda lililokatwa vipande vyembamba. Mfaume alizitazama asielewe lolote ila kwamba humo ndani ndimo alimo mkewe, na masihara yake, na hasira zake, na majina ya wajukuu.

"Damu mbichi kwenye picha hizi hutokea nyeupe," alisema daktari, kidole chake kikifuata mifereji. "Hapa ingejaa. Na hapa. Mnaona pako safi? Hakuna damu."

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Majidi.

"Kama kichwa kimeanza leo asubuhi, nina amani. Saa za mwanzo mashine hii ni nadra kudanganyika. Nitampa dawa ya maumivu, apumzike, jioni anaweza kwenda nyumbani."

Bi Tunu alisikia neno moja tu, nyumbani. Alitupa mikono juu, na kabla mtu hajamzuia akapiga kigelegele, humohumo ndani ya chumba cha kioo, kizima, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wagonjwa wa ukumbini waligeuka. Silasi alicheka. Juu ya kitanda Mwanahawa alijikunja ghafla kama aliyemwagiwa maji ya moto, akaziba masikio.

Mfaume yeye alikuwa amesikia neno jingine. Alikuwa amesikia kama.

"Daktari," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba hata yeye akaishangaa. "Na kama hakikuanza leo?"

"Mfaume," alisema Bi Tunu.

"Nauliza tu. Kama kilianza siku nyingi."

Daktari aliacha kalamu. "Basi picha hii hainiambii kitu, baba. Damu kidogo ikikaa siku kadhaa inayeyuka, inapotelea kwenye maji yanayozunguka ubongo. Picha inakuwa safi na mshipa uko palepale umepasuka, umejiziba kwa bahati. Ukipasuka mara ya pili mara nyingi hatuwahi." Alimtazama usoni. "Kwa nini unauliza?"

Mzee Majidi naye alikuwa anamtazama. Dada yake alikuwa anamtazama. Angeweza kusema nauliza tu. Watu wangepanda gari, wangerudi kwenye biriani, na usiku angelala karibu na mkewe akihesabu pumzi zake.

"Kilianza siku ya arusi," alisema. "Jioni. Kwa mpigo mmoja. Alisema kapigwa na mpini wa shoka."

"Kachanganyikiwa huyu!" Bi Tunu aliruka. "Daktari, mdogo wangu hajapata usingizi, msamehe. Siku ya arusi mke wake alikuwa mzima anacheza. Wageni wote mashahidi."

Daktari Advera hakubishana naye. Alikwenda kitandani akafunua kanga taratibu. "Mama, niambie wewe."

Mwanahawa alimtazama mumewe. Macho yale Mfaume aliyajua kwa miaka mingi, katika njaa na katika shibe, lakini hakuwahi kuyaona yakimkana hivyo.

"Leo asubuhi," alisema.

Basi. Mashine ilinguruma peke yake. Mfaume alibaki amesimama katikati kama mwongo aliyekamatwa. Daktari aliwatazama mmoja mmoja, na ilikuwa dhahiri kwamba hajui amwamini nani, kwani anayeumwa ndiye anayekijua kichwa chake.

Ndipo Mzee Majidi alipovua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena.

"Kile kigelegele," alisema.

Aliinua kidole juu, kama anayeifuata sauti.

"Nilikuwa nimekaa na wazee upande wa kisimani. Niliwaambia, msikilizeni huyo, hamna wa namna hiyo Kaliua. Kikapanda vizuri. Kisha kikakatika kama uzi. Wanawake wakakimalizia, lakini mimi nilisikia. Nikamuuliza mama Adinani, akaniambia kungwi kakaukwa na koo." Alimgeukia daktari. "Mtu akikaukwa na koo sauti hukwaruza kwanza, binti yangu. Ile haikukwaruza. Ilikatika."

"Tulikuwa tunakula," Mzee Majidi alisema tena, safari hii kwa Bi Tunu, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Sisi wote tulikuwa tunakula! Siku saba mnatuletea sinia za pilau nyumba ya jirani, tunasifu mpishi, na mwenzetu yuko chumbani damu inamvuja kichwani! Mlituona sisi watu wa aina gani?"

Bi Tunu alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mngemrudisha mwanangu," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mzee.

Mzee Majidi alikwenda akachuchumaa kando ya kitanda, mtu mzima na kanzu yake, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mgonjwa.

"Mkwe," alisema polepole. "Mwali ametoka. Umemtoa wewe, mbele ya watu, nimeona kwa macho yangu. Hakuna wa kumrudisha. Hata nikimkosea Mungu vipi, hilo sitalifanya. Kazi yako imekwisha. Sasa mwambie huyu mtoto ukweli."

Chozi moja lilimtoka Mwanahawa likapita pembeni ya pua likaingia kwenye mto.

"Jioni ile," alinong'ona. "Nilipofika juu. Kilipasuka."

*

Kilichofuata kilikwenda mbio na bado kilikuwa kirefu. Daktari alisema lazima achukue maji ya uti wa mgongo kwa sindano, kwani damu iliyopotea kwenye picha huacha rangi kwenye maji yale. Bi Tunu alilia kwamba sindano ya mgongo inapoozesha watu, anamjua mmoja. Mwanahawa mwenyewe akasema, "Anachomwa nani, si mimi? Nichomeni," na hapo Mfaume akajua kwamba mkewe bado yumo.

Alimshikilia magoti yakiwa yamekunjwa kifuani, mgongo umepinda, na daktari akafanya kazi nyuma. Mfaume hakutaka kuangalia. Aliangalia. Tone lilianguka kwenye chupa ndogo, likafuatwa na jingine. Maji ya ndani ya mtu, alikuwa ameambiwa, hutakiwa kuwa meupe kama ya kisima. Daktari aliinua chupa mbele ya karatasi nyeupe dirishani. Yalikuwa na manjano, ile ya maji yaliyosuuzia chupa ya asali.

"Hii si ya leo," alisema. "Hii ni ya siku nyingi."

Akarudishwa kwenye duara jeupe. Safari hii walimchoma dawa mkononi ili mishipa yenyewe ionekane, na mishipa ikaonekana, imetanda kama mizizi. Kwenye panda moja palikuwa na kitu kidogo kimetuna, hakizidi punje ya choroko. Daktari alikigusa kwa kidole kwenye kioo kana kwamba kinaweza kumsikia.

"Ndicho hiki. Ukuta wake sijui umeshikwa na nini. Huku kwetu hatuwezi kukibana, lazima aende Dar es Salaam kwa mabingwa, na aondoke leo. Njiani asicheke kwa nguvu, asikohoe kwa nguvu, asijikamue chooni, asipandishe sauti. Asipewe habari za kumkasirisha."

"Atafika?" aliuliza Mfaume.

"Angerudi nyumbani leo, ningekuambia hapana. Sasa nakuambia tunamwahisha."

Mzee Majidi alikuwa ametoweka. Bi Tunu aliketi chini ukumbini, mkoba wake mapajani, na kila aliyepita alimwangalia kama mtu aliyefiwa. Mfaume alimuhurumia na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Alikaa karibu naye kwa muda, akasimama. Aliwaza, Majidi sasa kaenda zake Kaliua na mwanawe, na ahadi ya kitandani ilikuwa ya kumtoa mgonjwa neno tu.

Gari la wagonjwa lilipokuwa linawashwa, lile la Majidi liliingia langoni. Alishuka yeye, akafungua mlango wa nyuma, akashuka Asmahani, hina mbichi mpaka viwikoni, viatu vya harusi, hana hata baibui juu ya nguo yake ya kutolewa. Mwali huwa hatembei siku ile. Alikimbia.

"Mama kungwi!"

"Usipige kelele," Mwanahawa alimwambia kutoka kwenye machela. "Na uvae baibui. Unatembeaje hivyo, mke wa mtu?"

Asmahani alimbusu mikono yote miwili, analia na kucheka. Mzee Majidi alimpa Mfaume chupa ya chai, mkate na bahasha, akampa mgongo kabla hajashukuriwa. Kwa Bi Tunu alisema tu, "Wewe na mimi tutaongea. Lakini si leo." Halikuwa jambo dogo na kila mtu alijua hivyo. Bi Tunu aliitikia kwa kichwa, na machela ilipoingizwa garini mkono ulimpanda wenyewe mdomoni apige kigelegele, kwa mazoea ya miaka yote ya kusindikiza watu. Akakumbuka, akaujaza mdomo wote kanga.

*

Gari lilitoka mjini likashika njia ya mashariki, ileile ambayo mababu zake Mfaume waliikanyaga kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, kwenda pwani, wengine wakarudi na wengine wasirudi. Dereva alikwenda kwa adabu. Muuguzi alikuwa anaangalia mashine ya presha. Mfaume alikaa kwenye kibao kidogo, mkono wake kwenye kidole gumba cha mkewe, anangoja kufinywa. Kila ulipopita muda bila kufinywa aliinama kusikiliza pumzi.

"Baba Ramla."

"Naam."

"Uliniapia. Mkono juu ya Msahafu."

"Niliapa. Nitafunga saumu, kafara ya kiapo."

Mwanahawa alifumbua jicho moja chini ya kanga. Lilikuwa jekundu na lilikuwa na hasira tele.

"Umeniumbua mbele ya mkwe. Nimevuliwa kilemba. Nikirudi, mimi na wewe tuna maneno."

"Mengi," alisema Mfaume. "Rudi tu."

Akafumba jicho. Kidole kilifinywa, kwa nguvu, kwa ubaya. Katika ndoa yao yote Mfaume alikuwa mtu wa kukimbia ugomvi, hata kwenda karakana bila chai asisikie kelele. Sasa aliinamisha kichwa ndani ya gari lile lililokuwa linatikisika, akamwomba Mungu amfikishe kwenye ugomvi huo, Mwanahawa apone, asimame uani, ampandishie sauti mpaka ifike juu kabisa, na majirani wote wa Isevya watoke nje kusikiliza.